Saa ya Hadithi Kuhusu Mkoa Wetu: Kitabu, Mzee au Kapu?

Muulize mtoto wa miaka minne wa hapa Moshi anaishi mkoa gani, atakujibu "kwa bibi", au "Majengo", au atakutajia jina la shule yake ya awali. Hana kosa. Mkoa ni mambo ya watu wazima: una mipaka isiyoonekana, wilaya zake na makao makuu. Mtoto anaujua mgomba ulio nyuma ya jiko, kijiwe cha bodaboda, na lile jitu lenye kofia nyeupe ambalo alfajiri lipo na saa nne limeshajifunika mawingu. Anayepanga saa ya hadithi maktabani kuhusu Mkoa wa Kilimanjaro ana kazi ya kumtoa mtoto kwenye mgomba ule hadi Same bila kumpoteza njiani.

Walimu wa chekechea, wakutubi na kina mama wanaojitolea Jumamosi hukwama mahali pamoja. Je, wasome kitabu, wamwalike mzee aje asimulie, au walete kapu la vitu na ramani ya kutandaza chini? Nimejaribu njia zote tatu, na kila moja imeniaibisha angalau mara moja. Projekta sitaigusa hapa. Umeme ukikatika unabaki na watoto ishirini na ukuta mweupe.

Vigezo kwanza

Kabla ya kuchagua, pima kila njia kwa mambo haya matano.

Subira. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hawana kiuno cha kukaa. Kwa wadogo dakika kumi za jambo moja zinatosha, na wakubwa wao wanafika ishirini. Zikizidi hapo wanaanza kuvuana viatu.

Maandalizi na gharama. Hapa hesabu fedha, na hesabu jioni zako pia.

Ukweli. Mtoto ataondoka akijua lipi lipo kweli na lipi ni la kusimuliwa?

Nani anaachwa nje. Hiki ndicho kigezo ninachokiona kikisahauliwa zaidi. Mkoa huu una Wachagga, sawa, lakini una Wapare na Wagweno wa Mwanga na Same, Wakahe, Wamasai wa tambarare za Siha na Hai, na watoto wa watumishi waliohamishiwa hapa mwaka jana kutoka Singida au Mbeya. Saa ya hadithi ikiwa mlima, kihamba (shamba la migomba la ukoo) na mtori tu, mtoto ambaye kwao ni Same anaondoka akiamini kwamba kwao si mkoani.

Kinachobaki. Jioni, mama akimuuliza "leo mmefanya nini?", mtoto atasema nini?

Njia ya kwanza: kitabu cha picha

Kuna tatizo la kuanzia. Vitabu vya picha vya Kiswahili vinavyouhusu mkoa huu, tena kwa umri huu, ni vichache mno rafuni. Vilivyopo kuhusu mlima vingi vimeandikwa kwa wanaotaka kuupanda. Kwa hiyo ninaposema kitabu, mara nyingi namaanisha kitabu unachokitengeneza mwenyewe: karatasi kumi za manila, picha kubwa moja kila ukurasa, sentensi moja au mbili chini yake, na uzi wa kushonea pembeni.

Changu kilimhusu mtoto anayepanda basi Sanya Juu kwenda Same kumwona shangazi. Safari ilinifanyia kazi yote ya jiografia: Sanya Juu ni Siha, Bomang'ombe ni Hai, kisha Moshi, kisha Himo, kisha Mwanga, kisha Same. Kila kituo kikawa na ukurasa wake na kitu kimoja kinachopandishwa kwenye basi. Rombo haiko njiani, iko upande wa mashariki wa mlima karibu na mpaka wa Kenya, nikajikuta nimeiacha. Mtoto mmoja wa Tarakea, huko Rombo, hakunisamehe. Toleo la pili abiria mmoja anashukia Himo na kupanda gari la Rombo, na ukurasa unamfuata.

Subira: kitabu kinajipima chenyewe. Kurasa kumi, kwa kusoma polepole na kuuliza "nani amepanda sasa?", ni dakika kumi na mbili hivi. Wakichoka, unaruka kurasa mbili na hakuna anayejua. Shida yake ni macho: wakizidi kumi na watano, wa nyuma haoni picha, na asiyeona picha anatafuta kazi nyingine.

Maandalizi na gharama: jioni tatu za kuchora na kubandika, manila, gundi, na fedha kidogo ya steshenari ukitaka kurasa zifunikwe plastiki ngumu. Zifunike. Vidole vyenye maandazi havina huruma. Baada ya hapo gharama imekwisha. Kitabu kinasomwa mwaka mzima, na hata mwenzako anaweza kukisoma siku unayoumwa.

Ukweli: hapa kitabu kina nguvu, kwa sababu umekaa na kuhakiki kabla ya kuandika. Mlima una urefu wa mita 5,895. Hifadhi yake iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Tarakimu hizo si za mtoto wa miaka minne, lakini ziandike nyuma ya ukurasa, upande unaoutazama wewe msomaji, maana mzazi mmoja aliyekaa nyuma lazima atauliza.

Nani anaachwa nje: inategemea wewe mchoraji. Kitabu kinaweza kuwa na haki kuliko njia nyingine zote, kwa kuwa unagawa kurasa kwa kuhesabu. Ila kikikosea, kinakosea kila siku kinaposomwa.

Kinachobaki: mtoto anakumbuka basi. Hilo si dogo, maana wiki iliyofuata walipanga viti wakawa makondakta, "Himo, Himo, Mwanga!". Lakini harufu ya mahali, sauti ya mahali, hawakuondoka nayo.

Angalizo moja la paa: vyumba vingi vina mabati. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikipiga saa ya kusoma hakuna sauti itakayofika safu ya pili. Mwenye kitabu hapo ananyamaza na kuonyesha picha, naye angalau ana cha kuonyesha.

Njia ya pili: mzee asimulie

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo niliyoivuruga zaidi.

Mara ya kwanza nilimwalika mzee mmoja anayeheshimika sana, meku wa kweli, nikamwambia tu, "Shikamoo babu, tunaomba uje utusimulie habari za mkoa wetu." Alikuja na koti lake na fimbo yake, akaanza na ukoo wake, akaingia kwenye ugomvi wa mamangi, machifu wa Kichagga, nani alimchukulia nani ng'ombe, na kila palipokolea alihamia Kichagga. Zilipita dakika arobaini na tano. Watoto watatu walilala, mmoja alijikojolea, na mimi sikuwa na ubavu wa kumkatisha mtu mwenye umri wa babu yangu. Kosa halikuwa lake. Nilimpa mzee mkoa mzima badala ya kumwomba hadithi moja.

Siku hizi namfuata nyumbani wiki moja kabla. Tunakubaliana hadithi moja, ya Kiswahili, na anayetoa ishara ya kumaliza ni mtoto: mjukuu anamletea maji. Mzee akiona kikombe anajua.

Na hadithi ya kuomba ipo tayari, kila upande wa mlima una namna yake ya kuisimulia. Ni ya Mawenzi na Kibo, vilele viwili vya mlima. Mawenzi moto wake umezimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Kibo yuko anatwanga ndizi kavu, anampa moto na anampa na ndizi. Mawenzi njiani anauzima kwa makusudi, anarudi tena, anapewa tena. Anarudi tena. Kibo uvumilivu unamwisha, anamshushia mchi, wengine wanasema mwiko, na ndiyo maana Mawenzi hadi leo ana kichwa kilichochongokachongoka huku Kibo ana kichwa laini cha mviringo. Ukisimama Moshi ukiutazama mlima, Kibo yuko kushoto na Mawenzi kulia, na mtoto aliyesikia hadithi hiyo hawezi tena kuutazama bila kuwaona majirani wawili walionuniana.

Wazazi wengine hawaupendi ule mchi. Ninawaelewa, hatutaki mtoto arudi nyumbani na somo kwamba anayeomba sana apigwe. Mzee mmoja aliimaliza vizuri kuliko nilivyotegemea: Kibo alipoona amemuumiza mwenzake, alichuma isale akampelekea. Hapo hapo akalitoa jani la isale mfukoni mwa koti, akaeleza kwamba kwa Wachagga ukimkosea mtu unampelekea hili kuomba radhi. Watoto walilipokezana kimya. Kitabu changu hakijawahi kuleta ukimya ule.

Subira: mzee mzuri anawashika watoto hata dakika ishirini, kwa sababu anawatazama machoni, anapaza na kushusha sauti, na wao wana kazi ya kuitikia. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Mzee asiye na kipaji hicho, hata awe na hekima kiasi gani, dakika tano ni nyingi. Heshima haimgeuzi mtu kuwa msimuliaji. Msikilize nyumbani kwanza.

Maandalizi na gharama: nauli ya kwenda na kurudi, chai, kitafunwa, kiti chenye mgongo, na mtu wa kumsindikiza. Jioni zako zinasalimika, ila unahitaji asubuhi moja ya kwenda kumwona, na usiende mikono mitupu.

Ukweli: hapa pana kazi. Kisayansi mlima ni volkano yenye vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ni ya kale zaidi na iliporomoka. Mawenzi imeliwa na mvua, upepo na barafu kwa muda mrefu hadi ikabaki miamba iliyochongoka. Kibo ndiyo changa. Mtoto anaweza kuyabeba yote mawili, ya mchi na ya volkano, mradi uyatenganishe. Mimi natumia kofia. Mzee akiivaa kofia, ni hadithi. Akiivua, ni kweli tupu. Wakati fulani mzee aliisahau kichwani akasema chakula kiko tayari, na hakuna mtoto aliyeinuka.

Nani anaachwa nje: hatari ni kubwa hapa, maana mtu mmoja hubeba upande mmoja. Hata Kichagga chenyewe si kimoja: wa Machame na wa Rombo huweza kusikilizana kwa shida. Dawa ni mzunguko. Mwezi huu babu wa Kibosho na mlima wake, mwezi ujao bibi wa Kipare aeleze ndiva, yale mabwawa madogo ya kienyeji ya kukusanya maji milimani yafunguliwe kumwagilia mashamba. Ukiwa na nafasi ya mgeni mmoja tu kwa mwaka, pima vizuri kabla ya kuchagua njia hii.

Kinachobaki: sauti ya mtu. Na nimeona mtoto akifika nyumbani anamuuliza babu yake mwenyewe, "wewe unajua hadithi gani?" Mazungumzo hayo hayakupangwa na maktaba.

Njia ya tatu: kapu na ramani ya sakafuni

Chukua kamba ya katani uizungushe sakafuni iwe mpaka wa mkoa. Haihitaji kufanana sana. Juu pana, halafu mkia mrefu unaoshuka kusini-mashariki kuelekea Same. Kunja khanga mbili uzirundike upande wa kaskazini, ya juu iwe nyeupe, huo ndio mlima. Kitambaa cha buluu kwa Ziwa Jipe, kidogo kwa Chala, kingine kwa bwawa la Nyumba ya Mungu. Kisha, kabla hawajaingia, geuza ramani yote mpaka mlima wa khanga uelekee mlima wenyewe ulio nje. Jambo dogo, lakini bila hilo mtoto anadhani mlima uko kwenye meza ya mkutubi.

Halafu kapu. Langu lina tawi la kahawa na buni zake, jani kavu la mgomba, mashuke ya mpunga wa Mabogini, kipande cha mua, nyuzi za katani, tangawizi ya Same, jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, na kipande cha shuka la Kimasai. Kila mtoto anatoa kitu akiwa amefumba macho, ananusa, anapapasa, anakisia, kisha tunakiweka mahali pake kwenye ramani. Niliwahi kuongeza perege mkavu kutoka Nyumba ya Mungu. Kielimu alikuwa sahihi kabisa. Chumba kilinuka hadi Jumatatu.

Subira: hakuna njia inayowashika wadogo wa miaka mitatu kama hii, kwa kuwa mikono ina kazi. Ila kuna foleni. Vitu vinane na watoto ishirini na watano maana yake kumi na saba wanangoja, na anayengoja anaingia baharini, yaani anakanyaga Ziwa Jipe. Kapu linafaa kundi la watoto kumi na mbili au chini ya hapo, au vikundi viwili na wasimamizi wawili.

Maandalizi na gharama: fedha ni kidogo sana, vingi utavipata sokoni Mbuyuni au kwa jirani, bure. Unacholipa ni miguu na simu: "shemeji, ukija kutoka Same niletee tangawizi yenye udongo." Na vinaharibika. Mua unavunda, mpunga unapukutika, kila msimu unaanza upya.

Halafu usalama. Punje ya kahawa iliyokauka inaingia vizuri sana kwenye pua ya mtoto wa miaka mitatu. Ninajua, kwa sababu niliwahi kumpeleka mmoja zahanati huku mama yake akinitazama. Tangu siku hiyo punje ndogo ziko ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichogundishwa. Wanaitikisa, wanaona, hawaigusi. Tawi lenyewe nalishika mimi.

Ukweli: kitu hakidanganyi, lakini hakijielezi. Ukikosa maneno mafupi ya kukiambatanisha, mtoto anaondoka na jiwe tu. Sentensi moja kwa kila kitu inatosha: "Hili lilitoka ndani ya ardhi likiwa moto, likapoa."

Nani anaachwa nje: kwa kigezo hiki kapu liko mbele ukilijaza kwa kukusudia. Mtoto wa Same anakuta tangawizi, wa Mabogini anakuta mpunga, na yule aliyehamia kutoka Singida unamwomba wiki ijayo alete kitu cha kwao, ukiweke nje ya kamba, mkoa wa jirani wa mbali. Kijana mmoja alileta alizeti, akaiwekea ulinzi kipindi kizima.

Kinachobaki: harufu na mahali. Miezi miwili baadaye utamuuliza tangawizi inatoka wapi, ataonyesha kona ya chumba ilipokuwa Same. Hadithi yenyewe hubaki kidogo, kwa sababu haikuwepo.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama una watoto ishirini na zaidi kutoka shule moja, umepewa nusu saa, na ni mara yako ya kwanza, chukua kitabu. Kifanye kikubwa, simama, wape kiitikio cha kondakta.

Kama unamfahamu mzee anayejua kusimulia, si mwenye cheo tu, na maktaba inakupa nafasi kila mwezi, anza na wazee na uwapange kwa zamu za wilaya. Julai na Agosti Moshi ina baridi na ukungu. Usimtoe mzee Old Moshi saa moja asubuhi kwa ajili ya kipindi cha saa mbili. Saa nne inatosha.

Kundi dogo, wengi chini ya miaka minne, au lenye mtoto asiyesikia vizuri au ambaye Kiswahili bado hakijamkaa: kapu, bila kufikiri mara mbili.

Kundi mchanganyiko, dada wa miaka saba amekuja na mdogo wake wa miaka mitatu mgongoni, ndilo gumu. Hapo mimi husoma kitabu kwa wote dakika kumi, kisha wakubwa wanawaongoza wadogo kwenye ramani. Usithubutu kuunganisha zote tatu kwenye kipindi kimoja; mzee atangoja kapu, kapu litamngoja mzee, na muda utaisha katikati ya Mwanga.

Kipindi chako kikiangukia karibu na tarehe 9 Desemba, una hadithi ya kweli inayokubali njia yoyote kati ya hizi: usiku wa kuamkia Uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera kileleni Kibo. Kwenye kitabu ni ukurasa wa usiku wenye nukta moja ya njano, na kwenye ramani ni tochi ndogo juu ya khanga nyeupe baada ya kufunga mapazia. Ukiwa na mzee aliyekuwa mtoto mwaka ule, muulize usiku huo alikuwa wapi.

Kwa siku ya masika yenye mvua ya mabati, kitabu kitamezwa na kelele, na mzee vilevile. Beba kapu, hata kama ulipanga kingine, na hakikisha perege hayumo.